Mfanya mazingaombwe naye ni mfanyakazi



Tangu chama chetu kilipoanza kuwaandikisha watu wanaojiajiri wenyewe, limekuwapo swali moja linalorudi katika mikutano ya matawi, kuanzia Malaba na Tororo mpaka Kasese. Swali ni hili: je, mtu anayeishi kwa kuonyesha mazingaombwe ni mfanyakazi? Anastahili kupewa kadi ya chama kama fundi cherehani, mwendesha bodaboda na mama anayeuza chakula sokoni, au aambiwe aende zake kwa sababu shughuli yake si kazi?

Wako wanachama wanaocheka swali hili likitajwa, na wako wanaokasirika. Katika tawi moja mzee wetu mmoja aliyetumikia reli kwa miaka mingi alisimama akasema kwamba chama ni cha watu wanaotoka jasho, si cha wachawi, na siku mchawi akiingia yeye atatoka. Mzee huyo tunamheshimu, na tunajua kwamba alisema wazi yale ambayo wengi wanayanong'ona. Ndiyo maana tumeona yafaa tuliandike jambo hili katika ukurasa wetu wa Kiswahili, ili kila mwanachama alipime kabla ya mikutano mikuu ya matawi.

Msimamo wetu tunautoa mapema, msomaji asitusubiri hadi mwisho. Mfanya mazingaombwe anayepatana bei, akaonyesha kazi yake mbele ya watu na kutaka ujira wake, ni mfanyakazi kama sisi. Kadi apewe. Sababu zetu ni hizi zifuatazo.

WATU WANASEMA NINI

Ukikaa sokoni au kwenye kituo cha teksi ukauliza habari za watu hawa, utapata majibu ya aina tatu. Jibu la kwanza: ni wachawi, wana majini, usiwape hata mkono. La pili: ni matapeli, wanakula fedha za watu kwa uongo. La tatu: ni wavivu waliolikimbia jembe, wanacheza na watoto tu.

Ajabu ni kwamba majibu haya matatu hayakai chungu kimoja. Mwenye majini ya kumletea fedha hana haja ya kumtapeli mtu. Na mtu anayeamka alfajiri kupanda basi na sanduku lake, akaenda kutoka shule hadi shule kutafuta shilingi mia tano tano za wanafunzi, huwezi kumwita mvivu. Lakini mtu yule yule mmoja hutupiwa majina yote matatu kwa siku moja, na jioni mwenye nyumba anamgongea mlango akitaka kodi ya chumba kama anavyotugongea sisi.

Majina haya yana matokeo. Mwenzetu mmoja alipatana na shule moja ya msingi kuonyesha mazingaombwe siku ya Ijumaa mchana. Patano lilikuwa la mdomo. Alifanya kazi saa moja na nusu, watoto wakashangilia, walimu nao wakapiga makofi. Alipokwenda ofisini kudai fedha yake aliambiwa hivi: "Wewe tumekuona kwa macho yetu ukitoa noti katika kofia tupu. Sasa unatudai ya nini? Rudi kwenye kofia yako." Ofisi nzima ikacheka. Akapewa nauli ya kurudi alikotoka, basi, yakaisha.

Ndugu, sisi tuliotembea katika viwanda na mashamba ya chai kwa miaka mingi, wimbo huu tunaujua. Mwalimu akidai mshahara huambiwa kwamba kufundisha ni wito. Mtumishi wa nyumbani huambiwa kwamba anakula na kulala bure, anataka nini tena? Mpiga gitaa huambiwa kwamba na yeye alikuwa anajifurahisha. Asiyetaka kulipa hutafuta kwanza jina la kuifanya kazi isionekane kuwa kazi. Kwa mfanya mazingaombwe jina hilo limepatikana kwa urahisi kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu kazi yake yenyewe ni kuficha kazi.

USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA

Wahenga walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, lakini methali hii inamfaa sana mtu wa mazingaombwe. Siri za watu hatutazifichua hapa, maana siri ndiyo mtaji wao, kama vile fundi wa chuma asivyotoa vipimo vyake kwa kila mpita njia. Tutasema tu yale yanayojulikana na kila mtu aliyewahi kukaa nao.

Kwanza kuna mikono. Sarafu kuonekana imetoka mkono wa kulia ikaenda wa kushoto, na kumbe haikwenda, ni jambo la miezi ya mazoezi, na kulifanya mbele ya watu mia bila kutetemeka ni jambo la miaka. Vidole vinazoezwa kila siku kama vya mpiga kinanda. Akiacha mwezi mmoja, vinakuwa vizito.

Pili kuna vyombo. Sanduku linataka seremala aliye hodari na msiri. Koti lina mifuko ambayo fundi cherehani ameishona kwa kupimiwa mara tatu nne. Kuna vitambaa vya hariri, kamba, kufuli, karata, na njiwa au kuku wanaokula kila siku hata kama wiki hiyo hakuna onyesho. Vyote hivyo ni fedha iliyotoka mfukoni mwake kabla hajapata hata senti.

Tatu kuna watu. Lazima ajue kuwakusanya, kuwanyamazisha, kuwachekesha, na kuyapeleka macho yao anakotaka yeye kwa wakati anaotaka yeye. Mlevi akileta fujo amtulize bila ugomvi. Mtoto akilia amfanye acheke. Mwanachama anayesema hii si kazi tunamwomba asimame mbele ya wanafunzi mia sita kwa dakika tano tu, kisha atuambie.

Na kazi hii ina hatari zake. Mwaka 1918 Mmarekani aliyeitwa William Robinson, aliyekuwa akijiita Chung Ling Soo na kuvaa mavazi ya Kichina, alipigwa risasi jukwaani London akionyesha mchezo wa kudaka risasi kwa sahani. Bunduki ilikuwa imetengenezwa ili risasi halisi isitoke, lakini ilikuwa imechakaa, ikatoka. Alikufa siku iliyofuata. Juni 2019 mwenzao wa Kolkata, India, Chanchal Lahiri, alishushwa katika Mto Hooghly akiwa amefungwa minyororo, akazama akafa. Mashine mbovu kiwandani humkata mtu mkono, na chombo kibovu jukwaani huua vilevile. Tofauti ni kwamba kiwandani tunaye mkaguzi na tunayo sheria ya fidia, walau kwenye karatasi.

Tusimsahau na msaidizi. Mwaka 1921 P. T. Selbit alionyesha London mchezo wa kumkata mwanamke kwa msumeno ndani ya sanduku, na tangu siku hiyo mchezo huo umezunguka dunia nzima. Jina linaloandikwa kwenye tangazo ni la mwanamume mwenye msumeno. Lakini anayejikunja katika nafasi ndogo, anayebana pumzi na kutabasamu huku mgongo unamuuma, ni mwanamke aliye ndani ya sanduku. Wengi wao huku kwetu ni wake au wadogo za mwenye onyesho, na hawalipwi chochote. Kwa hiyo tukimpa kadi mwenye kofia, tumwulize na malipo ya aliye sandukuni.

UCHAWI NA KIINIMACHO NI VITU VIWILI

Hofu kubwa ya watu ni uchawi, na hofu hiyo tusiidharau, maana imeua watu. Lakini lugha yetu ina maneno tofauti. Mchawi tunasema ni yule anayedhuru kwa siri. Mganga ni yule anayetibu. Mazingaombwe au kiinimacho ni mchezo wa kuyadanganya macho, na mwenye kuucheza huwaita watu mchana kweupe waje watazame. Mchawi gani anapiga ngoma na kubandika matangazo?

Kuchanganya mambo haya si tabia ya Waafrika peke yao, kama wazungu walivyozoea kutuambia. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu ambacho, pamoja na mambo mengine, kilieleza jinsi michezo ya mikono inavyofanywa, kwa sababu aliona wanyonge wa nchi yake wakishtakiwa kuwa ni wachawi kwa mambo yasiyo na ukweli. Na wala si mambo ya zamani tu. Aprili 1956 mfanya mazingaombwe mashuhuri wa India, P. C. Sorcar, alimkata msichana kwa msumeno wa umeme katika televisheni ya BBC, London. Kipindi kikafungwa ghafla kabla msichana hajaonyeshwa kwamba ameamka. Simu zikajaa pale BBC, watu wakidhani wameona mtu akiuawa. Msichana alikuwa mzima kabisa. Kama watu wa London wa mwaka 1956 walishikwa hivyo, bibi yetu wa kijijini asichekwe.

Wakubwa nao walijua kuitumia hofu hii. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria fundi saa mmoja aliyekuwa bingwa wa mazingaombwe, Robert-Houdin. Wafaransa walikuwa wameiteka nchi, na waliwaogopa viongozi wa dini waliokuwa wakiwashawishi wananchi wapinge. Houdin alitumwa aonyeshe kwamba mzungu ana nguvu zaidi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwita mtu mwenye nguvu ainue kisanduku kidogo. Mara ya kwanza alikiinua. Mara ya pili hakikuinuka, maana chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme, na juu yake yule mtu akapigwa na umeme mkononi hadi akaanguka kwa magoti. Hapo mazingaombwe yaliacha kuwa burudani yakawa silaha ya mkoloni, kwa sababu watazamaji walinyimwa habari kwamba ni mchezo. Ukweli huo wa mwisho tuushike, tutaurudia.

Nchini Nigeria alikuwako Profesa Peller, aliyejaza kumbi nyingi Afrika Magharibi na ambaye watu walimwamini kuwa ana nguvu zisizo za kawaida. Mwaka 1997 wauaji walimuua. Baadhi ya watu wakauliza kwa kejeli: mbona hakutoweka? Fikirini, ndugu. Mtu ameuawa kikatili, na badala ya kuuliza nani kamuua, watu wanauliza kwa nini mchezo wake haukumwokoa. Hiyo ndiyo bei ya kudhaniwa kwamba wewe si mtu wa kawaida. Hata kifo chako kinakosa huruma.

Na huku kwetu wenzetu hawa wametueleza hofu yao. Wakionyesha mchezo katika kijiji na wiki hiyo mtoto akaugua, wanajua kwamba macho yatageuka kuwatazama. Wapo wanaolala na sanduku limefungwa tayari. Sheria yetu ya Uchawi ya mwaka 1957 inasema kwamba ibada ya mizimu kwa nia njema, na utengenezaji au uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema, havihesabiwi kuwa uchawi. Kwa hiyo mwenye mitishamba amefunguliwa mlango na sheria, na mcheza kiinimacho hakutajwa mlangoni hapo. Akikamatwa na watu wenye hasira, hana karatasi ya kuonyesha. Kadi ya chama yenye jina, picha na neno "msanii wa mazingaombwe" ni kitu kidogo, lakini mbele ya mwenyekiti wa kijiji au polisi inaweza kuokoa maisha.

NA MATAPELI JE?

Hapa hatutawatetea watu wasiostahili. Wako wanaotumia ujanja wa mikono kuwaibia wananchi. Wako wanaojidai kuzidisha noti: mpe milioni moja akupe mbili, na wewe unarudi nyumbani na bahasha ya magazeti. Wako wanaotoa misumari na vyura kwenye tumbo la mgonjwa, na mgonjwa anauza ng'ombe wake wa mwisho kulipa. Wako na wanaofanya mambo hayo hayo wakiwa na suti na kipaza sauti. Hao wote kosa lao ni moja: wamemnyima mtazamaji habari kwamba ni mchezo. Wamefanya alivyofanya Houdin Algeria.

Kipimo chetu basi ni chepesi. Mtu akisema "njooni mtazame mchezo, kiingilio ni kadhaa", na watu wakaingia wakacheka wakatoka, huyo amefanya kazi. Akisema "nipe fedha yako nitaiongeza" au "nipe fedha yako nitakuponya" kwa kiinimacho, huyo ni mwizi, na chama kimkatae. Makanika wabovu wapo, na hatukufuta umakanika. Makarani wala rushwa wapo, na hatukufunga ofisi.

Na kama tunatafuta mazingaombwe ya kweli, tutazame karatasi zetu za mishahara. Kila mwezi mwajiri anakata fungu la mfanyakazi la mfuko wa akiba. Mwezi unapita, mwaka unapita, na siku unayokwenda kuuliza unakuta fedha haikufika. Imetowekea wapi? Mcheza kiinimacho akichukua sarafu yako mbele ya watu hukurudishia kabla hujatoka. Mwajiri wa namna hii hakurudishii, wala hakuna anayemwita mchawi.

SHERIA INAMTAZAMAJE MTU WA BARABARANI

Mbali na uchawi kuna kosa jingine walilobambikiwa watu hawa kwa karne nyingi, nalo ni uzururaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 iliwataja watu wa viinimacho pamoja na wachuuzi na mafundi wa kuzungukazunguka kuwa ni wazururaji wa kuadhibiwa. Fikra hizo zilikuja Afrika ndani ya sanduku la mkoloni. Kanuni yetu ya adhabu, katika kifungu cha 168, ilimhesabu kuwa mzururaji mtu anayeshukiwa ambaye hana njia ya kuishi inayoonekana. Njia ya kuishi inayoonekana! Mtu ambaye riziki yake ni kufanya vitu visionekane angejitetea vipi?

Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kipande hicho cha sheria pamoja na kingine kilichofuatana nacho. Malawi ilikuwa imetangulia: mwaka 2017 mahakama kuu ya huko ilibatilisha kifungu kama hicho katika kesi ya mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kazini kwake. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na haki za watu. Na mwaka 2018 mahakama kuu ya Delhi ilivunja sehemu kubwa ya sheria iliyohesabu kuimba, kucheza, kupiga ramli na kuonyesha michezo barabarani kuwa ni kuomba omba.

Kwa hiyo sheria imeanza kugeuka, na chama kisibaki nyuma ya mahakama. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mtu haki ya kufanya kazi au biashara yoyote iliyo halali, na kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga na chama anachokitaka. Haikuandika "isipokuwa mwenye kofia".

WENZETU WALITUTANGULIA

Wapo wanaosema kwamba jambo hili halijapata kuonekana. Limeonekana, tena zamani. Mwaka 1906 wasanii wa kumbi za burudani za Uingereza, waimbaji, wachekeshaji, wanasarakasi na wafanya mazingaombwe, waliunda chama chao. Wenye kumbi walikuwa wakiwaongezea maonyesho ya mchana bila kuongeza malipo, na kuwakataza kufanya kazi katika kumbi nyingine za jirani. Januari 1907 mgomo ukaanza London. Walisimama milangoni pamoja na wapiga muziki na watu wa kupanga jukwaa. Wenye majina makubwa kama Marie Lloyd, ambao wangeweza kukaa kimya na kula vyao, waliwaunga mkono wadogo. Shauri likapelekwa kwa mpatanishi, na wasanii wakapata masharti bora kuliko ya kwanza. Chama hicho kiliungana na chama cha waigizaji, Equity, mwaka 1967, na mpaka leo mfanya mazingaombwe wa Uingereza anaweza kuwa mwanachama wake.

Wengine wanauliza: mtu asiye na mwajiri atagombana na nani? Swali hilo waliulizwa akina mama wa Ahmedabad, India, mwaka 1972, walipotaka kuandikisha chama chao cha SEWA. Maofisa waliwaambia hamna mwajiri, kwa hiyo hamwezi kuwa na chama. Wakajibu kwamba chama ni umoja wa wafanyakazi kwanza. Wakashinda, wakaandikishwa. Hapa hapa Uganda chama cha ATGWU kimewapokea waendesha bodaboda na teksi, na hakuna aliyekufa.

Mataifa nayo yamekwisha kusema. Oktoba 1980, katika mkutano wa Belgrade, UNESCO ilipitisha pendekezo juu ya hali ya msanii, ambalo linataka msanii atambuliwe kuwa mfanyakazi na apate kinga kama wafanyakazi wengine. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Namba 204 la kuwatoa watu katika kazi zisizo rasmi na kuwaingiza katika zile zenye haki na hifadhi. Na huko Cape Town, tangu mwaka 1980, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa bado una meno, kipo chuo kinachowafundisha vijana mazingaombwe. Kitu kinachofundishwa darasani kwa miaka zaidi ya 40 ni ufundi.

TUNATAKA NINI

Shule zetu zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara. Mtu ambaye ukumbi wake ni uwanja wa shule alikaa karibu miaka miwili bila kazi, na misaada ilipogawiwa hakuwa katika orodha ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuna chama kilichokuwa na jina lake. Wapo waliouza sanduku na njiwa. Jambo kama hilo likija tena, orodha iwepo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa matawi mambo haya:

1. Wasanii wa mazingaombwe waandikishwe katika sehemu ya wanaojiajiri, kwa ada ile ile na haki zile zile.

2. Kila anayeingia atie sahihi ahadi kwamba hatajidai kutibu, kuzidisha fedha wala kuagua kwa kiinimacho. Akivunja, afukuzwe, na tawi lisimfiche.

3. Chama kichapishe karatasi ya patano, ya ukurasa mmoja tu, yenye tarehe, saa, bei na sahihi mbili. Nusu ya malipo itolewe kabla ya onyesho. Atakayemwambia tena msanii arudi kwenye kofia yake aonyeshwe karatasi hiyo.

4. Msaidizi, awe mke, mdogo mtu au kijana wa kujifunza, atajwe katika patano na fungu lake lijulikane.

5. Katibu wa tawi awaeleze jinsi ya kuweka akiba kwa hiari katika mfuko wa NSSF, ambao sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 imewafungulia waliojiajiri.

Gharama ya mambo haya si kubwa. Kikubwa kinachotakiwa ni wanachama kuacha kucheka. Kila kazi tunayoiheshimu leo ilichekwa siku zake za kwanza. Bodaboda walikuwa wakiitwa wahuni. Mama wa sokoni alikuwa akifukuzwa kama mbuzi. Hawakubadilika wao, tulibadilika sisi tulipojua kwamba mkate wao unatoka mahali pamoja na wetu, yaani katika mikono.

Wazee wetu wa reli, ambao walisimamisha injini ili sisi tupate likizo ya ugonjwa, tunawaomba walitazame jambo hili kwa jicho walilolitazamia lile la kwao. Na ninyi wenye kofia, mkipata kadi, njooni mikutanoni kama wengine, lipeni ada, na mgomo ukiitwa msitoweke.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.